Watoto Mia Tatu wa Mzee Bazilio

Gari la mradi liliingia uwanjani saa tatu na dakika kumi asubuhi, na Kezia hakuinua macho. Alikuwa kwenye kaunta ya mapokezi ya zahanati ndogo ya misheni, huko Murungu, wilaya ya Kibondo, akipanga kadi za watoto kwa alfabeti. Alikuwa amefika herufi ya M. Dakika tano baadaye alikuwa bado yupo kwenye M.

Sista Odilia, muuguzi mfawidhi, alisimama mlangoni akachungulia nje, kisha akaanza kutoa taarifa kama mtangazaji wa mpira: mgeni ameshuka, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi, vumbi la njia ya Kasulu limemfikia hadi kwenye nyusi, na amekonda kidogo. Kezia akasema hakuuliza. Odilia akajibu kwamba anajua hakuuliza, ndiyo maana anamwambia.

Nyuma ya mgeni alikuja Rashid, dereva, amebeba boksi la kompyuta. Rashid alikuwa mtu wa Ujiji, na maneno yalikuwa hayamkai mdomoni. Alipolitua boksi juu ya kaunta, kabla hata ya kusalimia vizuri, alikwisha kusema habari yote. Hii ilikuwa zahanati ya mwisho. Mtaalamu amemaliza kazi ya wilaya hizi mbili, barua ya uhamisho imetoka, na tarehe moja Julai anatakiwa aripoti Mwanza.

"Kwa hiyo dada Kezia, kama una neno na mtu, sema leo," alimalizia. "Mimi saa kumi nageuza gari."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na tisa Juni, mwaka 2015. Kezia Nizigiyimana alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa muda wa miaka miwili hakuwa amesema neno na Theonest. Alikuwa amejizoeza kuamini kwamba hana neno. Sasa alijiona ameshika kadi ya mtoto mikono miwili, kama sahani iliyojaa mchuzi.

Theonest aliingia, akasalimia, akapewa salamu ya kazini. Akafungua boksi, akaunganisha nyaya, akapiga magoti chini ya meza kutafuta soketi. Alipoinuka alivuta kiti akakiweka nyuma ya kiti cha Kezia, upande wa kushoto, hatua moja na nusu. Ni kile kiti, mahali pale pale, kilichomrudisha Kezia nyuma bila kutaka.

*

Mwaka 2013 Kezia alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali moja ya misheni, Kibondo mjini. Hospitali hiyo ilikuwa na programu ya kusajili wagonjwa iliyoachwa na watu wa misaada miaka mingi nyuma. Maandishi yake yalikuwa ya kijani juu ya kioo cheusi, kwa hiyo wafanyakazi wote waliiita Kijani. Kijani haikuwa na huruma. Ukikosea herufi moja ulianza upya. Umeme ukikatika ulianza upya. Pembeni ya kioo Kezia alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye vibonye vyote vya kubonyeza kwa mfuatano wake, maana hakuna akili ya binadamu iliyoweza kuvikumbuka. Chini ya meza aliweka daftari la kawaida, akaandika humo kila mgonjwa, kisha akaandika tena kwenye Kijani. Kila mtu hospitali alikuwa na daftari lake la siri. Mzee wa stoo ya dawa alilificha la kwake ndani ya katoni ya glavu.

Ndipo akaja Theonest, kijana wa Muleba, kutoka ofisi ya mradi iliyokuwa Kasulu. Walitegemea aje na programu mpya kwenye diski, aisimike, awape semina ya siku mbili na soda. Yeye akaja na kiti. Alieleza kwa sentensi chache kwamba programu mbaya hutengenezwa na watu ambao hawajawahi kukaa na mtumiaji, na kwamba yeye atakaa kwanza, atatazama, atauliza, halafu atachora, watajaribu, na wakikataa atachora tena. Daktari mmoja akanong'ona kwamba mradi umewaletea mganga wa kutazama.

Alikaa nyuma ya Kezia siku sita, na daftari na saa ya mkononi. Siku ya pili alimwambia kwamba kumsajili mgonjwa mmoja kunamchukua dakika sita na sekunde arobaini, na kwamba amebonyeza vibonye arobaini na saba. Kezia hakuwahi kusikia mtu akiutaja uchovu wake kwa namba. Alitaka kucheka, badala yake macho yakamjaa machozi, akajifanya anatafuta kalamu.

Halafu ukaja wakati ambao hata sasa, akiwa amekasirika kiasi gani, hakuweza kuuchukia. Theonest alinunua karatasi za manila, akazikata kwa ukubwa wa kioo cha kompyuta, akachora juu yake kwa kalamu nene. Baada ya chakula cha mchana walikaa wawili kwenye wodi tupu iliyokuwa ikisubiri rangi, meza katikati yao. Kezia aligusa kwa kidole palipoandikwa SAJILI, na Theonest, ambaye ndiye aliyekuwa kompyuta, aliondoa karatasi ile na kuweka nyingine. Akigusa pasipofaa, Theonest alikaa kimya kama mashine iliyokwama, uso mkavu, hadi Kezia aangue kicheko. Siku ya tatu ya kompyuta ya karatasi Kezia alimwambia kwamba kompyuta yake ni nzito, inachelewa kubadilisha ukurasa. Theonest akasema kompyuta inamtazama mtumiaji, ndiyo maana. Alilisema kwa sauti ya kutoa taarifa, kama mtu anayesoma kipimajoto. Kidole cha Kezia kilikuwa bado kwenye karatasi. Kidole cha Theonest kilikuja kuichukua karatasi ile, na havikuondoka, kimoja wala kingine.

Miezi mitatu waliitembea Kibondo yote kwa miguu. Kezia alimwita Theo. Alijua jinsi anavyokunja mikono ya shati, mara tatu sawasawa, na jinsi anavyonyamaza kabla ya kusema jambo ambalo hana uhakika nalo, na hilo lilitokea mara chache.

Mwezi wa tisa Theonest aliwasilisha ripoti. Ilikuwa nzuri, na kila neno lake lilikuwa kweli. Ukurasa wa tisa ulisema hivi: katika kumbukumbu za hospitali, watoto mia tatu na kumi na wawili wamesajiliwa kwa jina moja la baba, Bazilio, na mwandikaji ni mmoja. Jina la mwandikaji hakulitaja. Hakuona haja, na wala haikuwepo: kila mtu alijua baba yake Kezia anaitwa Bazilio.

Kezia alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa Murungu, nyumbani kwao. Habari ilimtangulia. Baba yake alikuwa katekista wa kigango, mtu aliyefundisha amri ya sita, usizini, kwa miaka ishirini na miwili, na sasa watu walimwamkia sokoni "Shikamoo Ibrahimu, baba wa mataifa." Mama yake, Jeanne, alicheka siku mbili, siku ya tatu akaona uso wa mumewe, akaacha. Desemba Theonest alituma mtu aje kuongea habari za posa. Mzee Bazilio alimkaribisha mshenga uji, akamsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwamba kijana huyo akajifunze kuhesabu vizuri kwanza.

Na Kezia aliacha kujibu simu.

*

"Jaribu," Theonest alisema nyuma yake.

Odilia alimleta mgonjwa wa kwanza, mama mwenye mtoto mgongoni. Kioo kipya kilikuwa cheupe, maandishi ya Kiswahili, makubwa. Kezia aliandika jina la mtoto. Aliandika la mama. Kipengele kilichofuata kilikuwa jina la baba, na pembeni yake kiduara chenye maneno: *halihitajiki sasa*. Mkono wake ulisimama.

Mama akataja jina la mumewe bila wasiwasi, Havyarimana, yuko shambani. Kezia akaandika, akamaliza, akatoa kadi. Nyuma yake Theonest alisema ni dakika moja na sekunde hamsini. Odilia, ambaye kwa kawaida hakujua kutoka chumbani penye mazungumzo, alitoka na yule mama, akafunga mlango.

"Ulikaa nyuma yangu siku sita," Kezia alisema. Alikuwa bado ameelekea kwenye kioo.

"Sita."

"Ukaandika kila kitu. Nilisoma ile ripoti, Bwana Theonest. Uliandika hata kwamba nasita."

"Sekunde nne. Wakati mwingine tano. Kila ulipofika jina la baba."

"Uliniona nasita, ukapima kwa saa. Hukuniuliza kwa nini."

Kezia aligeuza kiti. Ni kweli alikuwa amekonda.

"Mtu wa maabara ulimuuliza kwa nini anaandika mara mbili. Mzee wa stoo ulimuuliza kwa nini ameficha daftari. Ulimuuliza kila mtu pale hospitali, mpaka mfagiaji. Mimi uliyesema unanipenda, mimi ukanipima."

"Nilidhani unatafuta kibonye," Theonest alisema. "Halafu nilipoona yale majina kwenye kumbukumbu, nikaogopa kukuuliza. Nilijua nikikuuliza nitataka kuyaficha. Nikajiambia ukweli hauna ndugu, nikaandika haraka kabla sijabadilisha mawazo. Huko ndiko usahihi wangu ulikotoka. Ulikuwa woga."

Kezia hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Alikuwa amejiandaa, kwa miaka miwili, kwa majibu mengine yote.

"Nakuuliza leo," Theonest alisema. "Kwa nini ulisita?"

Basi akamweleza. Ilikuwa Machi, mwaka 2011, mvua kubwa. Alikuja binti wa miaka kama kumi na minane, mtoto ana homa ya kuunguza. Kijani ikauliza jina la baba. Binti hakujibu. Kezia akauliza tena, kwa sauti, kwa sababu ya kelele ya mvua kwenye bati, na foleni nzima ikasikia. Mwanamume mmoja nyuma akacheka. Kezia akajaribu kuruka, Kijani ikakataa. Akaweka kistari, ikakataa. Mtoto alikuwa anageuza macho. Akaandika jina la baba la kwanza ambalo vidole vyake vilikuwa vinalijua, akabonyeza, na Kijani ikafungua. Binti alisoma kwenye kioo, akashusha pumzi. Wiki ile wakaja wengine wawili. Baada ya hapo hakuwa anauliza tena kwa sauti. Alimtazama mama, akasita, akijua anachokwenda kuandika si kweli, halafu akaandika.

"Sisemi kwamba ilikuwa sawa," alimalizia. "Nasema ilikuwa na sababu."

"Sababu hiyo ilitakiwa iwe ukurasa wa kwanza. Kile kiduara hapo kwenye kioo, *halihitajiki sasa*, ni chako. Nilikibuni bila kujua ni wewe uliyenifundisha."

Akafungua mkoba akatoa karatasi moja. Kwa miaka miwili, alisema, kila mtoto wa ile orodha alipoletwa kliniki, mama aliulizwa faraghani anataka iandikweje. Mia mbili na watatu walitaja jina. Sitini na mmoja walitaka pabaki wazi. Arobaini na mmoja hawajaonekana tena.

Kezia alijumlisha kichwani. "Bado saba."

"Mama saba wamekataa jina liondolewe. Watoto wameshakuwa wakubwa, wanaitika Bazilio, wengine wanaanza shule mwakani. Ofisini wanasema nifute tu. Sijafuta. Mwenye jina hajaulizwa." Akaikunja karatasi mara tatu, sawasawa. "Nina kazi moja imebaki Kibondo, na iko nyumbani kwenu. Anaweza kunifukuza. Akinifukuza nitaondoka, sitarudi kukusumbua."

Kezia aliangalia nje, kwenye nyasi zilizokauka za kiangazi na moshi wa mashamba yanayosafishwa kilimani. Aliona wazi, kama mtu anavyoona namba, kwamba baba yake akimfukuza mtu huyu leo, na gari likageuka saa kumi, yeye atabaki kwenye herufi ya M maisha yake yote.

"Nitakupeleka," alisema.

*

Mzee Bazilio alikuwa uani juu ya mkeka, anachambua maharage ya mbegu, mazima upande huu, yaliyotobolewa upande ule. Mama Jeanne alikuwa jikoni. Theonest alisimama mbali kidogo, akaamkia. Mzee aliendelea kuchambua kwa muda unaotosha kumtoa mtu jasho.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenihesabia watoto."

"Ni mimi, mzee."

"Wamefika wangapi sasa?"

"Saba."

"Wamepungua," mzee alisema. "Keti."

Theonest akaketi, akaeleza. Alieleza kwa utaratibu, bila kujitetea, na alipofika kwenye ripoti alisema kwamba aliandika jambo la kweli kwa namna iliyomwonea mtu, na kwamba anaomba radhi, kwa mzee na kwa binti yake. Kezia alikaa kwenye kizingiti akiwatazama wote wawili. Hakuwa amewahi kugundua kwamba wanafanana: wote wawili walipanga vitu.

Mzee Bazilio aliuliza maswali ya maana. Shamba lake ni ekari nne. Hao saba wakikua watakuja kudai? Theonest akajibu kwamba kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa, hairithishi hata jembe. Je, padri akiuliza? Padri aonyeshwe karatasi, imeandikwa kila kitu na tarehe. Je, mama zao ni akina nani? Majina ya mama hayatatajwa bila wenyewe kukubali. Hapo mzee alimtazama kwa mara ya kwanza usoni.

"Waache," alisema hatimaye. "Mtoto asibadilishiwe jina kabla hajabadilisha meno. Ila waambie hao mama, wakipita Murungu, wawalete niwaone. Siwezi kuitwa baba na mtu nisiyemjua sura." Akarusha harage bovu pembeni. "Na hilo jambo la pili?"

"Lipi, mzee?"

"Kijana, umemeza vumbi kutoka Kasulu kwa ajili ya majina saba? Simu ingetosha."

Theonest alifungua mdomo, na mzee akamzuia kwa mkono. Akasema jibu la Theonest analijua tangu ile Desemba, na lile la kuhesabu lilikuwa hasira tu. Sababu yenyewe ya kukataa ni hii. Watu wa kazi za kuhamishwa yeye anawafahamu. Mwalimu mmoja alimwoa mtoto wa jirani hapa hapa, mwaka wa pili akahamishwa, binti akabaki na kitanda na picha ya harusi. "Nyinyi mnapita kama mvua za vuli. Mnalowesha, mnaondoka. Na dereva wako ameshatangaza kila mahali kwamba barua yako imetoka."

"Imetoka, mzee. Mwanza. Tarehe moja." Theonest akanyamaza kidogo. "Naomba ruhusa nimuulize Kezia kabla sijakujibu wewe. Mara ya kwanza nilituma mtu kwako, nikatuma ripoti kwa wakubwa, yeye sikumuuliza chochote."

Mzee aliangalia maharage yake. "Ego," alisema kwa lugha ya nyumbani, yaani ndiyo. "Uliza."

Theonest aligeuka kwenye mkeka. Hakusogea karibu, na Kezia alishukuru kwa hilo.

"Kezia. Naweza kuandika barua ya kuikataa Mwanza nikabaki Kasulu. Naweza kwenda nawe. Naweza kwenda peke yangu, kama ndivyo unavyotaka. Sijui unataka lipi, na sitaki kukisia tena. Unataka nini?"

Jikoni mwiko ulikuwa umeacha kusugua sufuria.

Kezia alikuwa ameulizwa mambo mengi maishani. Aliulizwa jina, tarehe, kijiji. Swali hili hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, si hospitali, si nyumbani, na ilimchukua muda kutambua kwamba jibu analo, limekaa tayari miaka miwili kama nguo ya sikukuu.

"Mwanza usiikatae," alisema. "Ukiikataa kwa ajili yangu, siku tukigombana utanikumbusha. Mwanza kuna hospitali, na hospitali zina mapokezi. Nitafanya kazi." Akapumua. "Lakini sitoki hapa kwa kuchukuliwa kama boksi. Wazee wako wako Muleba. Basi la Muleba hadi Kibondo ni siku ngapi?"

"Moja. Wakikosa la Nyakanazi, mbili."

"Leo ni tarehe kumi na tisa. Mpaka tarehe thelathini zimebaki siku kumi na moja."

"Posa haifanywi kwa siku kumi na moja," Mzee Bazilio alisema.

"Ya kwangu ulifanya kwa nne," Mama Jeanne alisema kutoka jikoni.

Mzee alikohoa. Alichukua konzi ya maharage, akayaangalia kwa umakini usiohitajika, akayarudisha yote upande ule ule. Kisha akamwambia Theonest kwamba siku wazee watakapokuja, wasije na kompyuta wala ripoti, na yule dereva mwenye mdomo abaki kwao.

Kezia aliinuka akaingia jikoni. Mama yake alimsogezea kisu na muhogo wa kumenya, akamgeuzia mgongo kwa hisani. Nje, Theonest alikuwa amepiga simu Muleba. Ukutani palipita sauti yake, kwanza ya kawaida, halafu yenye haraka, kisha yenye kicheko ambacho Kezia alikuwa hajakisikia tangu ile wodi tupu. Alikuwa anaongea na mama yake kwa Kihaya, lugha ambayo Kezia hakuijua hata neno moja. Aliweka kisu chini, akasogea karibu na ukuta, akaanza kusikiliza kwa makini, neno kwa neno, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.